Kifua cha Kuazima

Niliita jina la kaka yangu, akasimama mtu mwingine.

"Thobias Ngassa!"

Nilikuwa nimezuia mlango wa chumba cha eksirei kwa mguu, karatasi za daktari zikiwa mkononi. Kwenye benchi la nje walikaa wanaume kumi na mmoja walioletwa na kampuni moja ya kandarasi kupimwa afya kabla ya kuajiriwa mgodini. Aliyesimama alikuwa Mayala.

"Nenda, Thobias," mmoja wao akamwambia, "wakakuangalie kama bado una moyo. Sisi tulishasikia mkeo aliuchukua."

Wakacheka wote, na Mayala akacheka nao. Alipita mbele yangu bila kuniangalia usoni, akaingia ndani.

Mayala ni mtoto wa baba mkubwa, kwa hiyo kwetu ni kaka tu, kama Thobias alivyo kaka. Nilipokuwa darasa la kwanza alinibeba mgongoni kuvuka korongo kila mvua zilipokuwa kubwa. Siku ile nilitakiwa kumwambia shikamoo, nikashindwa, kwa sababu alikuwa amesimama kama Thobias, na Thobias ni mkubwa kwangu kwa miaka minne tu, sina desturi ya kumwamkia.

Nilipaswa kufunga mlango na kumwita Bwana Eustace, msimamizi wangu wa mafunzo hapa hospitali. Chuoni kwetu Ibadakuli, somo la kwanza kabisa la muhula wa kwanza ni hilo: kabla hujagusa mashine, hakikisha mgonjwa uliye naye ndiye aliyeandikwa. Muulize majina yake, muulize mwaka wa kuzaliwa, linganisha na karatasi. Kwenye mtihani niliandika hatua zote kwa mpangilio na nikapata alama zote.

"Jina lako nani?" nikamuuliza.

"Thobias Ngassa."

"Umezaliwa mwaka gani?"

Akautaja mwaka wa Thobias bila kusita. Walikuwa wameufanyia mazoezi.

"Kaka Mayala," nikanong'ona, "ni nini hiki?"

"Shii. Si umeuliza mwenyewe, nikakujibu?" Akatabasamu. "Mimi Thobias leo. Kesho nitarudi kuwa mimi."

"Na mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko pale nje ya geti anakula muhogo wa kuchoma. Fanya kazi yako, dada. Watu wanasubiri."

Nilielewa bila kuelezwa zaidi. Thobias alianza kushuka kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, akiwa na miaka kumi na sita. Ana miaka ishirini na saba sasa, na asubuhi akiamka unamsikia akikohoa hata ukiwa nyumba ya pili. Mwaka jana kampuni nyingine ilimpima na kumkataa. Hii ya sasa ilikuwa inatafuta madereva wa mitambo ya juu, kazi ya mkataba, yenye bima na siku za kupumzika, na Thobias mtambo anaujua. Kilichomkwamisha ni kifua. Na mimi nimesomeshwa na Thobias. Kila daftari langu la mionzi lilitoka chini ya ardhi pamoja naye.

Mayala, kwa upande wake, hajawahi kushuka duarani hata siku moja. Ana woga wa mashimo tangu utoto. Yeye hufanya kazi juu, kwenye mwalo wa Runzewe, pale mawe yanapoletwa kusagwa, na mashine yake ni karasha, lile pipa la chuma linalozunguka na vyuma ndani mpaka jiwe linakuwa unga. Machoni pa watu wetu, wanaokohoa ni wale wa chini, na wa juu ni wazima. Ukoo wetu una paji la uso moja, wote tumelichukua kwa babu, kwa hiyo hata kitambulisho cha Thobias kingemtosha Mayala. Kwao ilikuwa hesabu nyepesi. Kulikuwa na kifua kibovu na kifua kizima katika familia moja, na kizima kingeweza kuazimwa asubuhi moja.

Nikaweka alama ya vema mbele ya jina.

"Vua shati. Kuna kitu chochote cha chuma? Mkufu, hirizi?"

"Hirizi ya nini wakati nina dada daktari?"

"Sogea hapa. Kifua kiguse kibao. Kidevu juu. Mikono kiunoni, viwiko lete mbele."

"Kama nataka kucheza bugobogobo?"

"Kama unataka kucheza. Tulia sasa."

Nilirudi nyuma ya kioo nikashika kitufe. "Vuta pumzi ndani, jaza kabisa. Jaza. Zuia!" Nikabonyeza. "Haya, pumua."

Picha ilijitokeza kwenye kompyuta baada ya sekunde chache. Nilianza kuhesabu mbavu kama tulivyofundishwa. Mtu akivuta pumzi vizuri, mbavu kumi za nyuma huonekana, kwa sababu mapafu yamejaa na kushuka. Nilipata nane. Nikasema moyoni kwamba hakuvuta vizuri, itabidi nirudie. Ndipo macho yangu yalipotoka kwenye mbavu yakaingia katikati yake.

Mapafu mazima kwenye picha huwa meusi, kwa kuwa hewa haiizuii mionzi kupita. Haya yalikuwa na vidoa vyeupe, vidogo, visivyohesabika, kama mtama uliomwagwa juu ya nguo nyeusi. Kwa juu, kulia na kushoto, vile vidoa vilikuwa vimeshaanza kugandamana kuwa mabonge. Nilikuwa nimeona picha kama ile mara mbili chuoni, mwalimu akituonyesha ukutani. Zote mbili zilikuwa za watu waliokwisha kufa.

Nilitazama kupitia kioo. Mayala alikuwa bado amesimama pale na mikono kiunoni, akichezesha mabega kidogo ili anichekeshe.

Bwana Eustace aliingia na kikombe chake cha chai. Ni mtu mfupi, mwenye maneno mengi, aliyefanya kazi hii tangu enzi za kusafisha filamu gizani, na mara nyingi huwatania wagonjwa mpaka wanasahau wanaumwa nini. Aliinama kuangalia kompyuta, akakiweka kikombe mezani taratibu.

"Huyu amekaa shimoni miaka mingapi?"

"Kumi na moja," nikasema. Ilikuwa miaka ya Thobias.

"Ana umri gani?"

"Ishirini na saba."

Akatikisa kichwa. "Masikini."

"Mbavu ni nane tu, Bwana Eustace. Nirudie?"

"Usimrudie. Hata ukimrudia mara kumi hatavuta zaidi ya hapo. Hicho ndicho alichobaki nacho." Akabonyeza, picha ikaenda kwa daktari ikiwa na jina la kaka yangu.

Nilimfungulia Mayala mlango wa upande wa pili. Alikuwa anafunga vifungo vya shati.

"Nimetoka vizuri?"

"Majibu anatoa daktari."

"Daktari gani tena, wewe si umeshaona? Niambie tu kama Thobias atapata."

"Sisi tunapiga tu, kaka. Hatusomi."

"Gashi! Kumbe miaka mitatu shuleni, na kusoma hujui?" Akanigonga kichwani kwa vidole viwili kama alivyokuwa akifanya zamani. "Haya, wabeja, asante. Msalimie mamdogo ukiongea naye."

Nilimtazama akitembea kwenda getini. Alitembea vizuri. Kama ungemwona kwa nyuma, na mabega yale, ungesema huyo ndiye mwenye afya kuliko wote waliokuja siku ile. Nilifungua mdomo nimwite. Nyuma yangu benchi lilikuwa linanisubiri, na Bwana Eustace alikuwa anasema, "Anayefuata, Sesilia, anayefuata."

*

Siku ya tatu Thobias alinipigia simu.

"Sesi, umechanganya picha."

"Nani kasema?"

"Kampuni wamenikataa. Yule daktari wao kaniita kabisa, kanikalisha kwenye kiti kama mfiwa. Eti mapafu yangu yamejaa vumbi la mawe, eti niende kliniki ya kifua, eti nisiguse tena kazi yoyote ya vumbi. Nikamwambia sawa, nikatoka nje nikacheka. Umenipa picha ya mtu mwingine, mdogo wangu. Wale walikuwa kumi na mmoja, najua, umechoka, umechanganya. Nenda kawaambie."

"Sikuchanganya."

"Sasa itakuwaje, na aliyepigwa ni Mayala?"

Nilimsikia akivuta pumzi, kisha akikohoa.

"Mayala hajawahi kushuka," akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Najua."

"Nilimchukua kwa sababu hajawahi kushuka."

"Kaka, karasha inasaga jiwe kavu. Lile vumbi lake ni laini kuliko la chini. Ndilo linaloingia mpaka ndani kabisa."

"Sesi, kama Mayala yuko hivyo, mimi nikoje?"

Nilimwomba aje hospitali apigwe picha yake, kwa jina lake, hata kesho. Alikataa. Alisema hataki kujua, na kwamba mtu akishajua hawezi tena kushuka, na yeye lazima ashuke. Kisha akaniambia nisiseme neno kwa mtu yeyote. Ikijulikana, chuo kitanifukuza miezi miwili kabla ya kumaliza, na shida yake yote ya miaka kumi na moja itakuwa imekwenda bure.

"Sikukuambia mapema ili usibebe dhambi ya kujua," akasema. "Sasa nimekubebesha kubwa zaidi. Nisamehe."

Nilikaa na maneno hayo siku nzima. Nilipiga picha za miguu, nikapiga ya mtoto aliyemeza kifungo, nikampiga mama mmoja nyonga. Kila mtu nilimwuliza jina lake mara mbili. Saa kumi, wagonjwa walipokwisha, nilimwambia Bwana Eustace kila kitu.

Nilitegemea atanifokea. Alivua miwani, akaifuta kwa koti, akaivaa, akaivua tena.

"Unajua umefanya nini?"

"Najua."

"Hujui. Wewe unafikiri umedanganya kampuni. Kampuni itaishi. Angalia hapa." Akaifungua ile picha kwenye kompyuta. "Kuna mtu anaitwa Thobias, ana karatasi ya ugonjwa ambao hakupimwa. Na kuna mtu mwingine ana ugonjwa, hana karatasi. Daktari akimtafuta mgonjwa wake atampata nani? Picha yenye jina la uongo ni mbaya kuliko kukosa picha."

"Nifanye nini?"

"Nikiandika leo, chuo kitakuita kesho. Nisipoandika, na mimi nimedanganya." Akaitazama tena ile picha. "Mlete mwenye kifua. Akija hapa kwa miguu yake, kwa jina lake, tutampiga upya, tutamchukua makohozi, ataonana na daktari, na mimi nitaandika kosa lote na kwamba lilisahihishwa. Hiyo angalau nitaweza kuitetea mbele ya watu. Nakupa mpaka Jumatatu."

*

Jumamosi nilikwenda Runzewe.

Mwalo unasikika kabla hujauona. Karasha tisa zilikuwa zinazunguka chini ya mabati, kila moja na injini yake ya dizeli, na wanaume walikuwa wanamimina mawe upande mmoja na kukinga unga upande mwingine kwenye viroba. Kila kitu kilikuwa cheupe, mabati, majani ya miti, mbuzi aliyelala kwenye kivuli, hata sufuria ya mama ntilie. Kulikuwa na watu sita kwenye mashine ya mwisho na sikujua Mayala ni yupi mpaka mmoja wao alipocheka na meno kuonekana.

"Mwangaluka, daktari!" akapiga kelele.

"Mayala, umeletewa mke wa pili?" mwenzake akauliza.

"Mdogo wangu huyo, funga domo! Zima mashine kidogo, mnataka aone hamna adabu?"

Wakazima. Tulikwenda kukaa nyuma ya rundo la viroba. Kope zake zilikuwa nyeupe kama za mzee.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Thobias alinipigia. Anasema ulichanganya picha, akakosa kazi. Usijali, mambo hayo hutokea. Mimi juzi nilichanganya viroba vya watu wawili, ilibaki kidogo nipigwe."

Thobias alikuwa amemdanganya ili asimwogopeshe. Kwa dakika moja nilitamani uongo ule ubaki hivyo hivyo, nimsalimie, ninywe maji, niondoke.

"Sikuchanganya," nikasema. "Picha ni yako. Mapafu yako yana vumbi la mawe. Limeshafanya makovu."

Alinitazama kama anayesubiri sehemu ya kuchekesha.

"Mimi sijawahi kushuka."

"Ni hili hili, kaka. La hapa."

"Hili?" Akachota kidogo kutoka kwenye kiroba kilichopasuka, akalisugua katikati ya vidole, karibu na uso wangu. "Huu ni unga tu. Miaka minane naula. Mimi sikohoi, mwulize mtu yeyote. Nikipanda kilima na baiskeli ndiyo nachoka, nani asiyechoka?" Kisha akapata wazo, uso ukafunguka. "Hebu, ile picha ina jina la nani?"

"La Thobias."

"Basi. Mwite Thobias akatibiwe!"

Akacheka kwa nguvu. Kicheko kilikatika katikati, akabaki amefungua mdomo akitafuta hewa, mkono juu ya kiroba. Tulisubiri wote wawili mpaka kikapita.

"Ulipoanguka kwenye mkokoteni wa babu," nikamwambia, "ulivunjika mtulinga wa kushoto. Babu alikufunga kwa gome la mti. Mfupa uliunga umepinda, una kinundu. Uko kwenye picha, kaka. Nimeuona."

Mkono wake ulipanda wenyewe mpaka begani, ukakitafuta kile kinundu, ukatulia hapo. Hakucheka tena.

"Dawa ipo?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo tangu asubuhi. Nilikuwa na sentensi nzuri, zenye tumaini, nimezipanga kichwani. Zote zilikimbia.

"Ya kuliondoa vumbi, hakuna."

"Hata Bugando? Hata Muhimbili?"

"Hata huko. Lakini ukiacha kazi hii sasa, huenda lisiende haraka."

"Kwa hiyo dawa hakuna."

"Hakuna."

"Basi mnapiga picha za nini?"

Hakuniuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua. Nimesoma fizikia ya mionzi, nimesoma mifupa mia mbili na sita, nimefundishwa namna ya kumlaza mgonjwa asiyeweza kugeuka. Hakuna mwalimu aliyewahi kutufundisha jibu la swali lile, na nadhani hata wao hawana.

"Mtu mwenye vumbi hili kifua kikuu humpata kirahisi," nikasema. "Na kifua kikuu kina dawa, na hutolewa bure. Lazima upimwe makohozi. Njoo Jumatatu, Kaka Mayala. Bwana Eustace anakusubiri. Tutapiga kwa jina lako."

"Na nikiacha mashine nile nini?"

"Ulime."

"Nilime wapi? Mpunga wa mwaka jana ulikaukia kwenye majaruba, uliuona. Ng'ombe ni wanne." Akaangalia vidole vyake. "Mwanangu Mageni anaingia kidato cha kwanza Januari. Anasema anataka kuwa kama shangazi yake. Amekwishabandika picha yako ukutani, ile ya koti jeupe."

Upande wa pili mtu alipiga mluzi. Mwenye mawe yanayosagwa alikuwa amefika na anataka kujua kwa nini mashine imelala.

"Nitakuja Jumatatu," Mayala akasema, akisimama. "Ila Mama Mageni usimwambie. Nitamwambia mwenyewe. Unasikia? Mbuke ana roho nyepesi yule."

"Nimesikia."

"Usilie hapa, wataona. Watasema nimekupiga."

Alivuta kola ya shati akajifunika mdomo ili anifurahishe, akanipungia. Injini ikawashwa. Nilisimama pale nikimtazama mpaka sikuweza tena kumtofautisha na wale wengine watano.

*

Jumatatu nilifika kazini saa moja kasorobo, nikaiweka karatasi mpya mezani, nikaandika jina la Mayala kwa herufi kubwa na kuacha nafasi nyingine wazi. Kila mlango ulipofunguliwa niligeuka. Saa tano Bwana Eustace alinituma nje nikaangalie kama kuna mtu amepotea njia, huenda ameenda maabara. Hakukuwa na mtu. Nilipiga simu mara nne, ikaita bila kupokelewa. Jumanne pia hakuja. Jumatano asubuhi nilimkuta Bwana Eustace amekaa bila chai.

"Siwezi kungoja tena, binti yangu," akasema.

"Najua. Nimeshaandika."

Nilimpa barua yangu. Ilikuwa kurasa mbili, kwa mkono, kwenda kwa mkuu wa chuo. Niliandika kila kitu jinsi kilivyotokea, kuanzia mlango mpaka alama ya vema, na sikuandika kwamba nililazimishwa, maana sikulazimishwa. Aliisoma yote amesimama. Mwishoni akatia sahihi yake chini ya yangu, ingawa sikumwomba, akaandika kwamba alipewa taarifa Alhamisi na akachelewa kuifikisha kwa kosa lake mwenyewe.

"Kamati itakuita. Labda watakusimamisha, labda watakufukuza. Sitakudanganya."

"Na yeye?"

"Yeye tutamsahihishia jina. Daktari atamwandikia rufaa, tutaituma kwenye zahanati ya huko kwao wamtafute. Watamtafuta mara moja, mara mbili." Alifungua ile picha. "Baada ya hapo ni mtu mzima. Hatuwezi kumfunga kamba."

Vile vidoa vilikuwa pale pale. Bwana Eustace alifuta jina la Thobias herufi moja moja, akaandika Mayala. Akaandika jina la baba yake na la babu, ambalo ni moja na langu. Kisha akafika mahali pa umri, akasimamisha vidole.

"Ana miaka mingapi?"

Sikujua. Nilijua alivunjika mtulinga, nilijua anaogopa mashimo, lakini mwaka wake wa kuzaliwa sikuwahi kuuliza. Nikapiga simu tena, bila matumaini. Safari hii ikapokelewa na Mbuke, mkewe.

"Wifi! Kumbe ni wewe uliyekuwa unapiga? Simu nilikuwa nayo mimi, nilikwenda msibani Nkome, sikuisikia ikiita, halafu chaji ikaisha. Hamjambo huko?"

"Hatujambo, wifi. Kaka yupo?"

"Ametoka alfajiri, kazini. Yuko kwenye mashine. Nimwambie nini?"

Bwana Eustace alikuwa ananitazama. Alikuwa ameweka kidole mdomoni, kwa upole, kunikumbusha ninachokijua. Yale ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Na mgonjwa mwenyewe alikuwa ameniomba.

"Hapana, wifi. Nilitaka tu kujua umri wake. Kuna fomu naijaza."

"Fomu? Ya kazi?" Sauti yake ikachangamka. "Ya huko hospitali?"

"Ni fomu tu, wifi."

"Thelathini na mbili. Atatimiza thelathini na tatu wakati wa kuvuna pamba. Andika na kwamba hanywi pombe, wengine huuliza. Halafu wewe, ulimwambia nini Jumamosi ulipokuja?"

"Kwa nini?"

"Amekata kitenge changu kipya, wifi! Kile cha maua, hata sijakivaa. Kila asubuhi anajifunga nacho mdomoni anapokwenda kwenye karasha, wenzake wanamwita bibi harusi. Namuuliza, Baba Mageni, una nini? Ananiambia, Sesilia ndiye ameniagiza, yeye ndiye anajua." Akacheka. "Haya, sawa, sikatai. Kinasaidia lakini, hicho kitambaa?"

Vumbi lile ni dogo mno kuliko matundu kati ya nyuzi za kitenge. Linapita kama vile hakuna kitu.

"Wifi? Upo?"

"Nipo," nikasema. "Mwambie akiloweshe maji kwanza, na awe anakifua. Na mwambie namsubiri. Siku yoyote. Mwambie hivyo tu, ataelewa."

"Nitamwambia. Na hiyo fomu, Mungu aibariki."

Nikakata simu. Bwana Eustace alikuwa bado ameweka vidole juu ya vitufe, akisubiri.

"Thelathini na mbili," nikamwambia, naye akaandika.